Fasihi ya kisasa ya dunia chuoni: namna ya kuisoma ukafaulu bila kuishi kwa madesa

Ukipangiwa kozi ya fasihi ya dunia, ile ya karne ya 20 kuja huku kwetu, kitu cha kwanza kitakachokufikia wiki ya kwanza sio riwaya, ni desa. Kuna mtu wa mwaka wa tatu atatupia kwenye grupu la WhatsApp faili lenye dhamira zote za vitabu vyote, majina ya wahusika na maswali ya UE (mitihani ya mwisho wa semista) za nyuma, watu watashukuru sana, mkuu ubarikiwe, afu wengi hawatafungua kitabu hata kimoja hadi mtihani ubishe hodi. Na hapo ndo shida inapoanzia, maana lekcha naye hilo desa analijua, kalisahihisha miaka yote, akiona "mwandishi amezungumzia migongano ya kitamaduni" anajua kabisa umetoa wapi na anakupa C yako unaenda zako.

Kinachotoa maksi kwenye hii kozi ni kimoja tu, uwezo wa kukaa na ukurasa mmoja wa kitabu ukasema kitu ambacho kimo humo na wenzako hawajakiona. Historia, nadharia na wahakiki wote wanakuja kusaidia hiyo kazi. Kwa hiyo mwongozo huu nimeujenga kwa mtindo huo, na mfano wangu mkubwa utakuwa riwaya moja, Season of Migration to the North ya Tayeb Salih wa Sudan, kwa sababu ni fupi, inafundishwa vyuo vingi, na mambo yake hayako mbali na sisi wa ukanda huu.

Hatua ya 1: Vitabu vyenyewe, kabla semista haijakolea

Chukua kosi autlaini siku ileile inapotolewa, tenganisha vitabu vya lazima na vya ziada, halafu angalia unene. Usipange kusoma kwa mpangilio wa autlaini, panga kwa unene. One Hundred Years of Solitude ya García Márquez (1967) kwenye matoleo mengi ya Kiingereza inazidi kurasa mia nne, na majina yanarudiarudia kizazi hadi kizazi, akina Aureliano na José Arcadio hadi unachoka, sasa hiyo ukiianza wiki ya mtihani umekwisha. Ianze wiki mbili za mwanzo ambapo hakuna asaimenti, na weka karatasi pembeni uchore ukoo mwenyewe kadiri unavyosoma hata kama kitabu kimekuwekea mchoro mwanzoni, maana mchoro uliouchora kwa mkono wako haukutoki kichwani. The Metamorphosis ya Kafka (1915) unaimaliza jioni moja, iache itakusaidia wiki yenye kazi nyingi. Hii ya Salih haifiki kurasa mia mbili.

Muulize lekcha anatumia toleo lipi na tafsiri ya nani, wanafunzi wengi wanaona aibu kuuliza hili na ndo swali la maana kuliko yote wiki ya kwanza. Sofkopi za mtaani mara nyingi hazina namba za kurasa sawasawa, nyingine zimeruka kurasa kabisa, kwa hiyo ukinukuu ukurasa wa 43 yeye akifungua chake anakuta kitu kingine. Kama hela ya boom (ile ya mkopo wa kujikimu) imetoka, nunua angalau viwili ambavyo utaviandikia insha. Vile vya zamani vya African Writers Series, mfululizo ulioanza 1962, bado vinapatikana kwa wauza vitabu vya mitumba, Dar tembea tembea Posta, Nairobi wana zile za barabarani wanaziita inama. Usidharau kitabu chenye mistari ya penseli ya mtu mwingine, japo usiamini alichopigia mstari.

Kuna watu wanaona kusoma tafsiri ya Kiswahili ni ushamba wa fom foo. Sio kweli. Things Fall Apart ya Achebe (1958) ipo kama Shujaa Okonkwo kwa mkono wa Clement Ndulute, riwaya ya Ayi Kwei Armah ipo kama Wema Hawajazaliwa, kaifasiri Abdilatif Abdalla, na Paradise ya Gurnah (1994) imetoka kama Peponi 2022, kazi ya Ida Hadjivayanis. Kama Kiingereza cha fasihi kinakukaba, soma Kiswahili kwanza upate mwendo wa hadithi na sauti za watu, afu ingia kwenye Kiingereza ukitafuta nukuu. Unaokoa muda mwingi sana.

Hatua ya 2: Ukurasa mmoja wa miaka

Hii ni ya nusu saa tu. Chukua karatasi moja ubandike ukutani, upande mmoja vitabu, upande mwingine dunia ilikuwa inafanya nini. Conrad na Heart of Darkness ilianza kutoka jaridani 1899, Kafka 1915, Joyce na Ulysses pamoja na Eliot na The Waste Land wote 1922, Camus na L'Étranger 1942, Achebe 1958, Salih 1966, García Márquez 1967, Morrison na Beloved 1987, Gurnah 1994. Upande wa pili weka vita vya 1914 hadi 1918, vya 1939 hadi 1945, uhuru wa Sudan 1956, Ghana 1957, Algeria 1962, na kwetu huku. Ukiitazama hiyo karatasi kila siku kuna maswali yanakuja yenyewe, kwa mfano kwa nini 1922 watu wa Ulaya wanaandika vitu vilivyovunjikavunjika namna ile miaka minne tu baada ya vita, wakati 1958 mtu wa Nigeria anaandika hadithi iliyonyooka inayojengwa kwa utulivu kabisa.

Na jua ugomvi uliopo nyuma ya jina la kozi yako. Goethe alikuwa anaongelea fasihi ya dunia tangu 1827, lakini kwa miaka mingi vyuoni dunia ilimaanisha Ulaya. Mwaka 1968, kwenye chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Owuor-Anyumba waliandika waraka wakitaka idara ya Kiingereza ifutwe, Afrika iwekwe katikati na wengine wapangwe kuizunguka. Sasa chukua autlaini yako uhesabu, waandishi wangapi wametoka wapi. Hiyo peke yake ni pointi nzuri ya semina.

Hatua ya 3: Soma mara mbili, na zisifanane

Mara ya kwanza soma kama mtu anayesoma hadithi. Hakuna mhakiki, hakuna Google, hakuna kuangalia muhtasari, kalamu iko mbali. Usipoelewa sehemu songa mbele. Ukimaliza, kabla hujalala, andika nusu ukurasa kuhusu kilichokukera, kilichokuchosha na ambacho hukukielewa, hasa hicho cha mwisho. Watu wanafikiri insha nzuri inatokana na ulichoelewa, kumbe mara nyingi inatokana na pale ulipokwama. Mtu akikwama kwenye Season kwa kawaida anakwama kwenye mambo mawili, kwanza hajui msimulizi anaitwa nani (hatajwi jina, usihangaike kutafuta), pili hajui amchukie au amhurumie Mustafa Sa'eed, yule mgeni aliyehamia kijijini kwa msimulizi akiwa ameficha maisha yake ya zamani London. Yote mawili ni maswali ya insha hayo.

Mara ya pili ndo penseli inaingia. Weka alama chache tu, sio unapaka hailaita ukurasa mzima unang'aa njano. Mimi nawaambia wanafunzi watumie alama tatu: mstari pembeni kwa sentensi ya kunukuu, alama ya kuuliza pale ulipokwama, na mshale pale kitu kinaporudi, kwa sababu kitu kikirudi mara mbili tatu kwenye kitabu kifupi mwandishi hakukirudisha bure. Afu kwenye ukurasa mtupu wa nyuma ya kitabu tengeneza faharasa yako: miti uk. ngapi na ngapi, mto, vyumba, majina, tarehe. Kama kitabu ni cha maktaba fanya hivyo kwenye daftari, usituharibie.

Hatua ya 4: Kukaa na aya moja (hapa ndo kozi ilipo)

Tufanye pamoja. Mwanzoni mwa Season msimulizi amerudi kijijini kwao kwenye mkunjo wa mto Naili baada ya miaka saba Ulaya. Asubuhi anaangalia nje ya dirisha anauona mtende uani, shina limenyooka, mizizi imezama chini, na anasema anajisikia sio kama unyoya unaopeperushwa na upepo bali kama ule mtende, kiumbe chenye asili, chenye mizizi, chenye lengo. Desa litakwambia: mtende unawakilisha utamaduni wa Kiafrika. Haya, maksi moja.

Sasa kaa nayo. Swali la kwanza, nani anasema? Yeye mwenyewe, kuhusu yeye mwenyewe, siku za mwanzo tu baada ya kurudi. Mtu ambaye kweli ana mizizi huwa hajitangazii hivyo asubuhi akiwa kitandani, kwa hiyo ndani ya hayo maneno tayari kuna wasiwasi, anajituliza. Swali la pili, kwa nini ule unyoya umetajwa? Hakuna aliyemuuliza kama ni unyoya. Kaukana mwenyewe kabla hajasingiziwa. Swali la tatu, nini kinafuata? Kinachofuata kurasa chache mbele ni kumkumbuka mgeni mmoja aliyekuwemo kati ya watu waliokuja kumpokea, ananyamaza tu, ambaye ndo Mustafa, mtu atakayeuvuruga huo utulivu wote.

Halafu rudi kwenye faharasa yako ya nyuma, miti. Utakuta baadaye msimulizi anamwelezea babu yake, na hapo mzee hafananishwi na mti mkubwa wa matawi mengi kwenye ardhi yenye rutuba, anafananishwa na migunga ya jangwa la Sudan, ya magome mazito na miiba mikali, inayoyashinda mauti kwa sababu inataka kidogo sana kutoka kwenye maisha. Umeona hapo? Kijana anajifananisha na mtende ulionyooka wenye lengo, babu ambaye ndiye mwenye mizizi ya kweli anaonekana kama mgunga wenye miiba usio na lengo lolote zaidi ya kuishi. Na mwisho wa riwaya huyuhuyu wa mtende yuko katikati ya mto, hana pa kukanyaga, hafiki ng'ambo hii wala ile, anapiga kelele aokolewe. Mti umeisha, amebaki mtu anaelea. Sasa hiyo ni hoja, na hujamsoma mhakiki hata mmoja bado, umetumia macho yako na penseli.

Fanya hivi kwa aya mbili kwa kila kitabu cha lazima, ukurasa mmoja mmoja wa maandishi, na ukifika mwisho wa semista una hazina ambayo desa lolote haliisogelei. Maswali ni hayohayo kila mara: nani anasema, anamwambia nani, nini kimekanushwa bila kuulizwa, kabla na baada kuna nini, na wapi hii picha inarudi.

Hatua ya 5: Historia kiasi cha kutosha

Kosa la insha nyingi ni kurasa mbili za historia ya ukoloni afu kitabu kinatajwa mwishoni. Historia iingie pale kitabu chenyewe kinapoiita. Mustafa anapomwonyesha msimulizi vyeti vyake tunasoma kwamba kazaliwa Khartoum tarehe 16 Agosti 1898. Mwanafunzi wa kawaida anapita tu. Lakini ukiwa na ile karatasi yako utakumbuka au utatafuta, na utakuta vita vya Omdurman, pale jeshi la Waingereza na Wamisri chini ya Kitchener lilipoimaliza dola ya Mahdi iliyokuwa inaitawala Sudan, vilipiganwa tarehe 2 Septemba 1898. Yaani mtoto ana wiki mbili na kitu, nchi inachukuliwa. Salih hakuandika hilo popote kwa maneno, kaliacha kwenye cheti cha kuzaliwa. Sentensi mbili za historia zilizokaa pale zina nguvu kuliko kurasa mbili zilizoelea juu.

Hatua ya 6: Nadharia moja, sio tano

Utasikia wananadharia kama Edward Said na Orientalism (1978, kuhusu jinsi Magharibi ilivyojichorea picha yake ya Mashariki), Fanon, Spivak, Bakhtin na wengine wa Ufaransa ambao hata sentensi zao hazina mwisho. Chagua mmoja kwa kila insha na msome yeye mwenyewe angalau sura moja, sio maelezo ya mtu kuhusu maelezo ya mtu. Halafu muulize: hii inanionyesha kitu gani kwenye ukurasa ambacho nisingekiona? Kama jibu ni hakuna, iache. Kwa mfano Said anakusaidia sana kwenye kile chumba cha Mustafa cha London, udi, mazulia, mapicha, jinsi anavyowauzia wanawake wa Kiingereza Mashariki waliyokuwa tayari wanaiota, na hapo unaweza hata kwenda mbele ukasema mhusika mwenyewe anaijua hiyo nadharia na anaitumia kama mtego miaka kibao kabla kitabu cha Said hakijatoka.

Na ukitaka kuona hoja inavyojengwa, tafuta mhadhara wa Achebe kuhusu Conrad alioutoa Amherst, Marekani, mwaka 1975. Ukubaliane naye usikubaliane, angalia anavyofanya: anachukua sentensi za Conrad zilezile, anaziweka mezani, anauliza nani kapewa maneno kwenye hiki kitabu na nani kanyimwa.

Hatua ya 7: Kulinganisha bila jedwali la tofauti na kufanana

UE haikosi swali la kulinganisha. Usifanye "zinafanana katika moja mbili tatu, zinatofautiana katika moja mbili tatu", inachosha. Tafuta swali moja ambalo vitabu vyote viwili vinalijibu, kila kimoja kwa njia yake. Jozi rahisi kuliko zote ni Camus na Kamel Daoud. Kwenye L'Étranger msimulizi, Meursault, anampiga risasi Mwarabu ufukweni, na jina la huyo Mwarabu halitajwi popote kitabuni. Daoud, mwandishi wa Algeria, mwaka 2013 akatoa Meursault, contre-enquête, msimulizi ni mdogo wake marehemu, na jina linatoka: Musa. Swali lako basi ni nani ana haki ya jina kwenye hadithi ya kifo chake, na hapo unaandika kurasa nne bila kuhangaika. Wenzetu wa Kongo na Burundi mnaosoma Kifaransa zisomeni zote kwa lugha yake, mna faida kubwa kutuzidi. Sisi tunaosoma tafsiri tutaje jina la mfasiri kwenye marejeo (Season kwa Kiingereza ni Denys Johnson-Davies, 1969) na tusijenge hoja nzima juu ya neno moja la Kiingereza ambalo huenda mwandishi hakuliandika hivyo, jenga juu ya picha, mpangilio na matukio.

Jozi nyingine nzuri ni Conrad na Salih, mmoja mzungu anapanda mto kuingia Afrika, mwingine Msudani anakwenda kaskazini London.

Hatua ya 8: Semina na insha

Prezentesheni ya grupu, mnajua wenyewe, wawili wanafanya kazi na wengine wanatia majina. Kama ni wewe unafanya, usisimulie hadithi ya kitabu. Toa aya moja, gawa kopi, isome kwa sauti, uliza maswali yale ya Hatua ya 4. Dakika kumi zinatosha na darasa litaamka.

Kwenye insha, hoja kuu iandike ikiwa sentensi ambayo mtu mwenye akili anaweza kuikataa. "Salih anaonyesha athari za ukoloni" hakuna anayeweza kuikataa, kwa hiyo haina kazi. "Msimulizi anamhitaji Mustafa awe mhalifu ili yeye aonekane ana mizizi" hiyo kuna mtu ataibishia, basi una insha. Kila aya iwe na nukuu fupi na sentensi tatu nne zako kuhusu hiyo nukuu, ukiweka nukuu afu ukahama ujue umeiacha yatima. Andika utangulizi mwisho. Insha nyingi zinadaiwa kwa Kiingereza, sawa, lakini hakuna aliyekukataza kufikiri na kuandika rasimu ya kwanza kwa Kiswahili, hoja ikikaa sawa ndo unahamia.

Hizi AI za kwenye simu, zitumie kwa uangalifu mkubwa, maana zinatunga nukuu ambazo hazimo kitabuni na zinakupa hadi namba ya ukurasa kwa ujasiri wote. Nukuu yoyote ambayo hukuiona kwa macho yako kwenye kitabu usiiandike.

Hatua ya 9: UE

Kwa kawaida ni maswali matatu ndani ya saa tatu, japo angalia chuo chako. Usikariri insha nzima, kariri nukuu fupi tano kwa kila kitabu, za maneno manne hadi kumi, na kila moja ujue iko wapi kwenye hadithi na nani kaisema. Kwenye Season mojawapo iwe ile ya Mustafa anapomwambia msimulizi, aliyerudi na udaktari wa mashairi, kwamba hapa hatuhitaji ushairi, bora ungesoma kilimo, uhandisi au utabibu. (Sisi tuliosoma fasihi tumeisikia hiyo kwa wajomba zetu kila Krismasi na kila Iddi.) Inaingia karibu kwenye kila swali, elimu, ukoloni, kijiji, hata uongo, maana anayesema ushairi hauhitajiki ndiye siku chache mbele akilewa anaghani shairi la Kiingereza kwa lafudhi safi na kujifichua.

Wiki ya mwisho rudia zile aya zako mbili mbili, sio kitabu kizima. Kwenye chumba cha mtihani soma swali mara tatu upigie mstari kitenzi, "jadili" sio "eleza", tumia dakika kumi kupanga kila jibu kwenye ukurasa wa nyuma, anza na swali unalolipenda la pili, lile unalolipenda zaidi litakulia muda ukilitanguliza. Na majina ya riwaya uyapigie mstari chini, tahajia ya majina ya waandishi iwe sahihi, Ngũgĩ na vialama vyake, Márquez na mkwaju wake juu ya a, msahihishaji wa script ya mia na ishirini usiku akiona hivyo anatulia kidogo kwenye ya kwako.